Kamwene ya Ukisi

1

Saa moja asubuhi ukungu wa Lwangu ulikuwa bado umelalia mabati, na Atilio Ngailo alikuwa ameshakaa mbele ya skrini yake, makoti mawili mwilini, miguu ndani ya soksi za sufu alizofumiwa na mtu ambaye hakuwepo tena kuzifuma nyingine. Jumba la mitambo lilijengwa huko juu milimani kwa ajili ya baridi. Wakubwa waliokata shauri hilo walikaa kikao mahali penye joto, wakasema baridi ya Lwangu ni ya bure, itapoza seva mchana na usiku. Kwamba na watu watapoa pamoja na seva, hilo halikuchorwa kwenye ramani.

Ndani ya seva hizo walilala madaktari. Hawakuwa na mwili. Daktari mmoja alikuwa mashine pepe moja, yaani kompyuta isiyo na chuma chake, inayoishi ndani ya kompyuta kubwa pamoja na wenzake kama wapangaji wa nyumba moja. Kila zahanati ya vijijini ilikuwa na wake. Nesi akibonyeza kitufe, daktari wake anaamka Lwangu, anatokea ukutani kwa nesi, anamwangalia mgonjwa, anasema la kusema, na kwa neno lake kabati la dawa linafunguka. Bila neno lake kabati halifunguki, hata kama nesi anaiona dawa kwenye kioo na mgonjwa anahema sakafuni. Ndivyo Baraza la Mitambo lilivyotaka, ili dawa zisiibwe. Na kweli, tangu hapo hazikuibwa.

Kati ya madaktari na zahanati zao ilikuwapo swichi, na swichi ndiyo ilikuwa kazi ya Atilio. Mtu akisikia swichi hufikiria kitu cha ukutani cha kuwashia taa. Hii haikuwa na umbo lolote. Ilikuwa maandishi matupu yanayokimbia ndani ya seva zilezile, ikila nguvu ileile wanayokula madaktari. Kila kipande cha habari, kila pakiti, ilipita mlangoni pake ikaulizwa inatoka wapi na inakwenda wapi, kisha ikasukumwa kwenye njia yake. Ukiipa swichi nguvu nyingi, madaktari wanazubaa, wanajibu kama watu waliotoka usingizini. Ukiinyima, pakiti zinajazana mlangoni na nyingine zinatupwa. Kwa hiyo kila asubuhi Atilio alipunguza hapa, akaongeza pale, akasikiliza feni zinavyovuma, akapunguza tena. Aliisoma skrini huku midomo yake ikicheza, maana shule yake iliishia darasa la saba. Wahandisi wenye vyeti walikuja Lwangu, wakamaliza msimu mmoja wa baridi, wakaandika barua za uhamisho. Yeye alibaki. Hakuna aliyekumbuka kumhamisha.

Asubuhi ile alikuta maneno mawili matatu kutoka kwa mkuu wa kituo, Mhandisi Subira Luvanda. Baraza limeamua. Kamwene zote, zile pakiti za salamu, ziondolewe kabla ya saa nane mchana. Uje ofisini.

Aliyasoma mara tatu. Hakushangaa. Mtu aliyekwisha kuandikiwa na wakubwa mara moja hujua mwandiko wao.

Sekela, mlinzi wa lango, aliingia na chupa ya chai kama desturi yake. Alikuwa binamu wa marehemu Feliksta, mke wa Atilio, na kwa ajili hiyo alijipa ruhusa ya kumtania kila siku ya Mungu.

“Shemeji, makoti mawili na bado unatetemeka,” alisema akimimina. “Oa basi, upate la tatu.”

“Nani atamtaka mtu anayenuka waya?”

“Usinitazame mimi. Mimi nimeshanusa wa kwangu, kanitosha.” Akamsogezea kikombe, kisha akapunguza sauti. Alisema huko langoni kuna wageni, mume na mke, wametoka Itundu kwa miguu mpaka barabarani na wamefika kabla jua halijatoka. Wanataka kuona kisu kinakokaa. Mume ndiye anayeongea. Mke haongei.

“Kwa nini haongei?”

“Nenda ofisini kwanza,” Sekela alisema. “Utaambiwa.”

2

Mhandisi Subira alikuwa rika la binti yake wa kwanza, na vidole vyake vilivimba kwa baridi kama vya watu wote wa Lwangu. Alimkaribisha kiti, akamwita mzee wangu. Atilio alimwonea huruma, kisha akakumbuka kwamba huruma hiyo yeye hakuwahi kuonewa, akaikunja akairudisha mfukoni.

Jumanne iliyopita, Subira alieleza, saa tano na dakika kumi na nne mchana, kisu cha mbali kilikuwa kazini kwenye hospitali ya mkoa. Kisu hicho kilishikwa na mkono wa chuma, na mkono uliongozwa na daktari mpasuaji aliyelala hapahapa Lwangu, safu ya pili. Juu ya kitanda alikuwa Otavina Mgaya, mama wa miaka hamsini na moja, mwongozaji wa kwaya, anatolewa rovu shingoni. Pakiti moja ya daktari ilichelewa. Ilichelewa kitambo ambacho jicho halifumbi wala halifumbui, sehemu arobaini katika elfu za sekunde, lakini mkono wa chuma ulikuwa katikati ya kukata, ukaendelea na agizo la zamani kwa sababu jipya halijafika. Ukagusa mshipa wa sauti.

“Amepona,” Subira alisema. “Sauti ndiyo haitarudi.”

Atilio alitazama mikono yake. Aliuliza hayo yote yanahusiana vipi na kamwene.

Alijua jibu, na Subira alijua kwamba anajua. Swichi ile ilikuwa na tabia moja. Pakiti ya kwanza kutoka zahanati yoyote haikuwa na njia inayojulikana, hivyo ilipandishwa juu kuuliza. Ikishajibiwa, njia inaandikwa kwenye kumbukumbu ya karibu, na zinazofuata zinapita mbio bila kuulizwa tena. Lakini zahanati ikikaa kimya sekunde kumi, swichi inaifuta. Inaisahau kabisa, kama haijawahi kuwapo. Zahanati kubwa za mjini hazinyamazi, hivyo hazisahauliki. Vizahanati vya milimani, ambako nesi anaweza kukaa nusu siku bila mgonjwa, vilisahauliwa kutwa kucha, na kila vilipoita vilianza upya mwisho wa foleni ya kuuliza. Siku foleni hiyo ikijaa, pakiti zao hazikuulizwa hata. Zilitupwa.

Ndivyo alivyokufa Feliksta. Alianguka shambani, kwenye viazi, wakambeba mpaka zahanati ya Ukisi. Nesi alibonyeza kitufe. Ukutani pakaandikwa subiri, daktari anakuja. Maandishi hayo yalikaa dakika kumi na moja. Dawa ya kushusha presha ilikuwa kabatini, rafu ya katikati, nesi aliiona, Atilio aliiona. Alipiga kioo kwa ngumi na kioo hakikuvunjika, maana kilitengenezwa na watu waliofikiria wezi. Daktari alipotokea ukutani alimsalimia marehemu, akamuuliza anajisikiaje.

Wakati huo Atilio alikuwa mfagiaji wa feni hapo Lwangu. Aliandika barua kwa Baraza kuuliza ni nani aliyechelewesha. Alijibiwa mstari mmoja: hakuna hitilafu iliyobainika. Jina la mtu halikuwamo. Hata sahihi ilikuwa muhuri. Tangu siku hiyo alianza kukaa nyuma ya mafundi, akitazama wanachobonyeza, mpaka akajua walichojua na zaidi kidogo, na walipohama akakalia kiti. Jambo la kwanza alilofanya ni kutengeneza kamwene.

Ilikuwa pakiti ndogo kuliko zote. Kila baada ya sekunde nane, kifaa cha ukutani cha kila zahanati kiliituma Lwangu. Haikuomba kitu. Ilipiga hodi tu, kama mtu wa kwao anayepita mlangoni kwako akasema kamwene bila shida nyingine yoyote, ili ujue yupo. Swichi ikiisikia, haiisahau zahanati. Vizahanati mia nne na kumi na viwili. Katika miaka mitatu, hakuna nesi wa milimani aliyesubiri tena.

“Kamwene ni pakiti tisa katika kila mia zinazopita hapa,” Subira alisema. “Baraza limeona tarakimu hiyo. Wanasema ndiyo takataka iliyoziba njia ya kisu.”

“Ukizitoa, wale mia nne wanarudi kulekule.”

“Nimewaandikia hivyo.”

“Wakajibu?”

“Mstari mmoja.”

Atilio alicheka bila furaha. Akasema wakubwa hawakosi mstari mmoja. Akasema alipopeleka barua yake yeye hapakuwa na hitilafu, leo ameumia mtu wa hospitali ya mkoa na hitilafu imepatikana kwa wiki moja. Subira alisema kwa upole kwamba wakati ule yeye hakuwepo Lwangu.

“Hukuwepo,” Atilio alikubali. “Kila mara ninyi hamkuwepo.”

Subira aliinamisha macho. Kisha akamsogezea karatasi juu ya meza. Ilikuwa taarifa ya tukio, imeshaandikwa, inasubiri sahihi mbili, ya mkuu wa kituo na ya fundi wa swichi. Ilisema chanzo ni wingi wa pakiti za salamu, kwamba ni hitilafu ya mfumo. Alimhakikishia kwamba hakuna atakayetajwa.

Atilio hakuigusa. Aliomba kwanza aone mwenyewe kumbukumbu za ile Jumanne, pakiti kwa pakiti, maana kamwene haziwezi kukichelewesha kisu. Aliziweka foleni ya mwisho kabisa kwa mkono wake. Zinasubiri kila mtu.

“Una mpaka saa nane, mzee wangu,” Subira alisema.

3

Foleni zilikuwa nane, kuanzia sifuri mpaka saba. Ya saba ndiyo ya kamwene. Sifuri ilikuwa ya visu peke yake, na haikuwa na kusubiri: pakiti ikiingia sifuri, swichi inaacha yote inayoyafanya.

Atilio alifungua kumbukumbu za Jumanne akaanza kushuka nazo taratibu, kidole kwenye kioo, midomo ikicheza. Aliingia kwenye kazi hiyo akiwa na hasira safi. Alikuwa na hakika ataonyesha kosa ni la wakubwa, labda seva ya zamani waliyokataa kuibadilisha, labda mpasuaji wa tatu waliyemsukumia kwenye safu ya pili ili wapate kupigiwa makofi mahali fulani. Saa tano na dakika kumi na nne. Pakiti za kisu zilipita moja moja, sawasawa, kama hatua za mtu anayejua aendako. Kisha pengo. Kisha zikaendelea.

Ndani ya pengo, kwenye foleni ya sifuri, palikuwa na mgeni.

Alisogeza miwani. Hakuhitaji kuisogeza. Jina la mgeni aliliandika yeye.

Ukisi.

Baada ya kutengeneza kamwene kwa zahanati zote, alikuwa amebaki peke yake mchana mmoja wa Jumapili, mafundi wote wamekwenda kusali. Akaichukua ya Ukisi akaitoa foleni ya saba akaipandisha sifuri. Alijiambia ni kwa muda, mpaka ahakikishe kwamba Ukisi haitasahauliwa tena. Akabadilisha sekunde nane kuwa moja. Halafu akafanya kitu ambacho hakukifanyia zahanati nyingine: aliifanya salamu ijibiwe. Kwao salamu si neno moja. Unasema kamwene, unarudishiwa kamwene, unauliza wa nyumbani, unaambiwa wapo, unaulizwa na wewe. Mtu anayeikatiza katikati huhesabika kama mtu aliyekosa malezi. Basi akaweka sharti kwenye swichi: mazungumzo ya Ukisi yakishaanza, yasikatwe na yeyote mpaka yaishe. Kila sekunde, skrini yake ilimwambia kwamba huko Ukisi, kwenye ule ukuta, kuna kitu kinachojibu.

Kwa miaka mitatu haikumdhuru mtu. Salamu ilianza na kuisha haraka mno, kisu hakikuwahi kuigonga. Lakini zahanati ya Ukisi ilifungwa mwaka jana. Watu walihamishiwa barabarani, nesi akapelekwa kwingine, mlango ukapigwa misumari. Kifaa cha ukutani kilibaki, kinakula jua kutoka kwenye paneli ya juu ya bati. Hakuna aliyepanda kuifuta. Majani ya mvinje yaliiangukia, kuvu ikaota, na kifaa kikawa kinajibu polepole zaidi kila mwezi, kama mzee anayetafuta maneno. Jumanne kulikuwa na mawingu. Kilipoulizwa habari za nyumbani kilichelewa, swichi ikangoja kwa adabu kama ilivyofundishwa, na nyuma yake pakiti ya kisu ikasimama.

Kamwene nyingine zote, mia nne na kumi na moja, zilikuwa foleni ya saba, zimenyamaza, hazijamgusa mtu.

Atilio alikaa. Chai ya Sekela iliganda utando juu. Alijua kwamba hakuna mwingine Lwangu anayeweza kuisoma mistari ile akaielewa. Baraza walitazama jumla, na Subira alikuwa mhandisi wa umeme, si wa swichi. Akitia sahihi, kamwene zote zitatolewa na ya Ukisi miongoni mwake, kisu kitatulia, Baraza watasema tuliona mbali, na jina lake halitaandikwa popote. Mahali fulani milimani mtu ataanguka kwenye viazi, na ukutani pataandikwa subiri. Akisema kweli, mia nne na kumi na moja zitapona. Lakini hapo itabidi awe yeye. Tangu msiba alikuwa amelala na kuamka na uso wa mtu asiyemjua, mtu wa kiti cha kuzunguka aliyemchelewesha daktari wa Feliksta. Alimtukana huyo mtu akinawa, akila, akifunga kamba za viatu. Ndicho kitu pekee kilichomtoa kitandani asubuhi za Lwangu.

Saa sita ilipita. Hakufanya kitu.

4

Sekela ndiye aliyewaleta wale wageni. Alisema wamechoka kungoja langoni, baridi inawala, na kwamba chumba cha mitambo ndicho chenye joto. Hiyo haikuwa kweli, lakini aliisema kwa sauti ambayo Atilio hakuweza kuibishia.

Mume aliitwa Ditriki Tweve, mtu mrefu aliyevua kofia alipoona taa za seva, kama aliyeingia kanisani. Mke alikuwa na kitambaa cheupe shingoni. Alimtazama Atilio, akafungua kinywa, na kitu kilichotoka kilikuwa pumzi tu iliyopewa umbo na midomo.

“Kamwene.”

Atilio alimjibu. Akamuuliza wa nyumbani. Yeye akatikisa kichwa kwamba wapo, akamuuliza naye kwa pumzi ileile, na Atilio akasema wapo, ingawa hapakuwa na mtu. Salamu ilichukua muda. Hakuna aliyeikatiza.

Ditriki alieleza safari yao. Alisema hawakuja kugombana na mtu. Huko hospitali walipewa maelezo kwamba maneno ya daktari yalikwama kwenye foleni, na mke wake akawa hana raha na neno hilo. Amekuwa akilirudia njia nzima.

“Mwenyewe anasema foleni si kitu kigeni,” Ditriki alisema. “Tumepanga foleni ya mbolea, ya chanjo, ya kitambulisho. Ukichelewa kwenye foleni, ni kwamba kuna mtu mbele yako. Si ndiyo, fundi?”

“Ndiyo.”

Otavina alimvuta mume wake mkono, akamnong'oneza sikioni. Ditriki aliinama akasikiliza, akasita, kisha akageuka.

“Anauliza huyo wa mbele yake alikuwa nani. Kama alikuwa mgonjwa aliyezidiwa kuliko yeye, anasema hana neno naye. Anataka tu kujua kama alipona.”

Feni ziliendelea kuvuma. Sekela alikuwa bado amesimama mlangoni, chupa mkononi, na Atilio alihisi macho yake mgongoni. Alitafuta uongo uliokuwa karibu. Ulikuwepo, tena wa huruma: ndiyo mama, alikuwa mgonjwa, alipona, anakushukuru. Mwanamke huyu angeondoka hapo amepata bei ya sauti yake, angeibeba mpaka Itundu, angeimbisha kwaya kwa mikono na kusema moyoni kwamba kuna mtu yuko hai kwa ajili hiyo. Nani angemlaumu kwa kumpa hilo?

Halafu akaisikia tena ile barua ya Baraza. Hakuna hitilafu iliyobainika. Hata nayo labda iliandikwa na mtu aliyedhani anamhurumia.

“Kaeni,” alisema. “Sekela, niitie Mhandisi.”

5

Aliwaeleza wakiwa wamesimama wote, maana viti vilikuwa viwili na hakuna aliyevikalia. Alimwonyesha Subira mistari kwa kidole, pakiti ya kisu, pengo, Ukisi, pakiti ya kisu. Alieleza kwa maneno ya kawaida ili wageni waelewe, na alipofika kwa Feliksta hakuruka wala hakurembesha. Alisema ni zahanati iliyofungwa. Alisema hamna mtu ndani, hamna mgonjwa, kuna popo labda.

“Mbele yako hapakuwa na mtu, mama,” alimwambia Otavina. “Nilikuwa nasalimiana na nyumba tupu.”

Ditriki alirudisha kofia kichwani, akaivua tena. Alianza kusema kitu juu ya mtu mzima na akili zake, akakiacha katikati. Otavina alikuwa akiitazama skrini, ambako kila sekunde mstari mmoja mdogo wa kijani uliwaka na kuzimika, ukawaka tena.

Subira ndiye aliyepata sauti kwanza. Alimuuliza kama ana hakika kwamba nyingine zote hazikuhusika. Atilio alisema hizo mia nne na kumi na moja asizitoe, awaambie Baraza hivyo, awapelekee mistari yenyewe wakaisome kama wanajua kusoma. Subira alisema hajui watapokeaje. Wanaweza kuamua kuzitoa tu, kwa kuwa wameshaamua. Lakini akiwa na chanzo mkononi, na jina, hawataweza kuandika kwamba ni mfumo.

“Taarifa iko wapi?”

Subira alikuwa nayo mkononi. Atilio aliichukua, akaiweka juu ya seva iliyokuwa karibu kwa sababu ndiyo iliyokuwa meza, akachora mstari juu ya maneno hitilafu ya mfumo. Juu yake aliandika polepole, kwa herufi za mtu wa darasa la saba, kubwa na zilizosimama: Atilio Ngailo aliweka salamu ya zahanati ya Ukisi kwenye foleni ya visu bila kumwambia mtu. Akatia sahihi. Akaitazama. Tangu msiba alikuwa ametafuta karatasi moja yenye jina la mtu, na hii hapa, na wino ulikuwa bado haujakauka.

“Watakuondoa, mzee wangu,” Subira alisema.

“Huko chini kuna joto,” alijibu.

Kisha akakaa kwenye kiti chake. Kuifuta Ukisi ilikuwa kazi ya mstari mmoja. Aliuandika, akausoma kwa midomo, akaangalia kama hakugusa nyingine yoyote, akaangalia tena. Subira alimwambia kwamba kama anataka, yeye anaweza kubonyeza. Atilio alitikisa kichwa. Akabonyeza.

Ule mstari wa kijani haukuwaka.

“Bado inaikumbuka,” alisema, bila kumwambia mtu hasa. “Sekunde kumi.”

Walisimama wakangoja. Hakuna aliyehesabu kwa sauti, lakini wote walihesabu, ilionekana kwenye midomo. Sekunde ya nne Ditriki alitoka nje. Sekunde ya saba Sekela aliweka chupa chini, akamwekea shemeji yake mkono begani, juu ya makoti mawili. Huko Ukisi, nyuma ya mlango uliopigwa misumari, kifaa cha ukutani kiliketi kwenye jua lake hafifu kikisubiri kuulizwa habari za nyumbani.

Sekunde ya kumi jina likatoka kwenye orodha. Majina ya chini yake yalipanda nafasi moja, yakakaa sawa, kama halijawahi kuwapo.

Otavina alimtazama Atilio kwa muda. Midomo yake ilifunguka kidogo, ikafumba. Halafu akajifunika shuka lake vizuri mabegani, akageuka, akamfuata mume wake kwenye ukungu bila kuaga, na Atilio hakujua kama hakuweza au hakutaka.

Alivuta kiti karibu na skrini. Saa nane ilikuwa bado dakika kumi na tano, na foleni ya saba ilikuwa inapita: mia nne na kumi na moja, mmoja mmoja, wakipiga hodi.